Batri Zilizoletwa Matangani

Kabondo, Kisangani

Tonton Nephtali,

Pokea salamu zetu huko Lubumbashi. Huku mvua imeanza, mudogo wangu Benie amezaa mutoto mwanamuke, na plake ya jua uliyotutumia ingali juu ya nyumba.

Juzi walikuja watu wa mradi, wanachunguza kama umeme wa jua utadumu katika mtaa wetu. Wakauliza: "Batri ikikufa, munafanya nini?" Jirani yetu Papa Rachidi akajibu: "Bon, tunafanya kama kwenye matanga."

Hawakuelewa, nikawaeleza. Batri yetu ilikufa wiki ile Mama alipotutoka. Unajua desturi, kila nyumba inaleta kiti. Safari hii kila nyumba ilileta kiti na batri yake, wenyewe wakabaki gizani mpaka matanga yakaisha.

"Nani aliwapanga?" wakauliza. Nikajibu: hakuna mutu. Plake yako ilikuwa ya kwanza hapa, na Mama hakumunyima mutu kuchaji simu.

Najua unaumia bado kwamba ulikosa ndege, hukufika kumuzika dada yako. Tonton, mwanga ule tuliomulilia Mama ndani yake ulitoka kwako. Aksanti kwa kuwa nasi.

Mutoto wa dada yako,
Clothilde