Nyumba ya Same, Rafiki wa Paschal

Jumapili, 1 Juni 2025

Sifael kaja tena baada ya misa. Kakaa na mume wangu mpaka ukungu ukashuka. Anaongea kwa niaba ya wote wawili. Anauliza, anajibu, Paschal anatikisa kichwa na kucheka kwa upande mmoja wa mdomo. Tangu kiharusi kimpige, madereva wenzake wa malori walikuja mara mojamoja, wakaogopa mate yake, hawakurudi. Sifael ndiye pekee anayepanda huku Bombo kila Jumapili.

Nilimsindikiza mpaka njia panda, nikamuuliza habari ya nyumba yetu ya Same. Maana yeye ndiye dalali wetu. Soko gumu, shemeji. Watu hawana hela. Krismasi kasema hivyohivyo. Pasaka hivyohivyo. Nyumba ina umeme, ina maji, iko karibu na stendi — na hakuna hata mtu mmoja wa kuiona? Kacheka. Eti nina haraka.

Ndiyo, nina haraka. Mwanangu Honorata ametafuta Dodoma hospitali yenye mazoezi ya viungo. Bila kuuza ile nyumba hatuna cha kwenda nacho. Na huku mvua ikinyesha, Paschal anabebwa kwenye kiti mpaka barabarani. Mara ya mwisho walimwangusha.

Jumatano, 4 Juni

Honorata kapiga simu. Kasema mama, badilisha dalali. Kanitumia namba ya Priska, msichana aliyesoma naye, sasa anauza viwanja na nyumba Same nzima kwa simu.

Badilisha! Kama kubadilisha sabuni. Huyu alisimamia ndoa yetu. Funguo Paschal alimpa mwenyewe, kwa ule mkono mzima. Hakuna karatasi yoyote tuliyoandikiana. Nani anaandikiana na Sifael?

Ijumaa, 6 Juni

Nimempigia Priska. Kimyakimya, nimekaa bandani kwa mbuzi ili Paschal asisikie. Jioni akanirudia. Shikamoo mama, halafu moja kwa moja: amepita nje ya nyumba, ameiona. Akaniuliza kama nina uhakika kwamba inauzwa.

Nikasema swali gani hilo. Akasema ni bora nishuke nione mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni — Same

Naandikia kwa mama yake Priska. 

Ukutani mwa nyumba yetu, upande wa barabarani, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake namba ya simu. Ya Sifael.

Nilisimama nikasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Priska alikuwa kando yangu. 

Halafu nikaona nguo kwenye kamba. Nguo za watoto. Nikabisha hodi nyumbani kwangu! Akafungua mwanamke kijana, mtoto mgongoni. Shikamoo mama, karibu, unamtafuta nani? Akanitolea kigoda barazani — baraza ambalo Paschal alibeba mchanga wake kwa lori akitoka safari, usiku bado ana usingizi machoni. Anaitwa Lukia. Watu wa Kigoma. Mume wake anafanya kazi shamba la mkonge. Wamepanga hapa tangu mwaka jana, kodi wanampa mzee Sifael, mwenye nyumba.

Mwenye nyumba.

Chumba chetu kimepangishwa kwa vijana wawili wa gereji. Mapazia ni yaleyale niliyoshona mimi. Nyuma, pale palipokuwa na vumbi tupu, Lukia kapanda mchicha, umestawi. Ilibidi nimwambie mimi ni nani. Akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi mbele, akamshika vizuri.

"Kwa hiyo tunatoka?" akauliza.

 Niliondoka kama mwizi.

Sifael tulimkuta stendi, kwenye meza yake, chini ya mwavuli. Hakushtuka. Akaniagizia soda. Kwa upole uleule wa Jumapili akanieleza: yale maandishi ni ya kuzuia matapeli, Same imejaa matapeli. Na nyumba tupu inaharibika, kwa hiyo ametulindia. Kodi je? Imeenda kwenye ukarabati. Ukarabati gani? Akamwangalia Priska kuanzia viatu hadi nywele, akamuuliza ni mtoto wa nani.

Nikaomba funguo. Nikamwambia kuanzia leo nyumba iko kwa Priska. Akazitoa mfukoni polepole, akaziweka mezani karibu na soda ambayo sikuinywa.

"Na Paschal utamwambiaje?"

Hilo tu. Hakupandisha sauti. Na hapo ndipo aliponiweza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi Bombo. Paschal alikuwa amekaa mlangoni. Maneno aliyobakiwa nayo ni machache, moja ni "Sifa" — yaani Sifael. Sifa? akauliza. Nikasema nimemwona, mzima, anakusalimu.

Anakusalimu! Ulimi wangu mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Hakuja.

Paschal kanifanya nigeuze kiti mara mbili ili aone njia. Makande hajala. Nikasema labda basi limeharibika.

Jumapili, 22 Juni

Hakuja. Baridi kali, ukungu tangu asubuhi, njia yenyewe haionekani, lakini Paschal anaiangalia tu.

Kwenye sala ya jumuiya leo jirani yetu Rogathe kaniuliza mbele ya watu kwa nini nimemfukuza rafiki wa mgonjwa. Habari zimeshapanda mlima. Sifael anasema stendi kwamba nimeingiwa na tamaa, nimempa nyumba binti wa mjini ili tugawane cha juu, na Paschal hajui lolote. La mwisho ni kweli. Ndiyo maana nilikaa kimya. Mama mmoja alisogea mbali nami kwenye benchi kama vile nina ugonjwa wa kuambukiza.

Mtu katuibia, halafu mimi ndiye ninayeinamisha kichwa kanisani.

Jumatano, 25 Juni

Priska anajua kazi. Maandishi kayafuta, ukuta kaupaka upya, kaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mimi nikiongea naye kwa simu. Picha kazituma kila mahali. Watu watano wameshaiona! Mmoja anaitwa Humphrey, ana duka la dawa, anaitaka kweli. Anataka nyumba tupu.

Kwa hiyo wale vijana wametoka, na akina Lukia wametoka. Priska kawatafutia chumba, kidogo, mbali na stendi. Leo Lukia kanipigia. Nilikaa tayari kutukanwa. Akasema mama, mchicha nimeuacha, mkauchume msije mkaupoteza. Akakata.

Angenitukana ningepumua.

Alhamisi, 3 Julai

Walipanda leo na gari: Priska, Humphrey, na wakili anayeitwa Anderson. Hati ina jina la Paschal, kwa hiyo ni lazima dole gumba lake, na wakili aone kwamba anaelewa. Nilimvalisha shati jeupe. Nikachinja kuku. Nilimweleza tangu juzi: tunauza, tunakwenda Dodoma kwa Honorata, utafanyiwa mazoezi, utatembea. Alikuwa anatikisa kichwa vizuri tu.

Wakili akasoma. Priska akafungua kidau cha wino, akaushika mkono wa mume wangu kwa heshima zote. Paschal akakunja ngumi.

Nikacheka kidogo, aibu. Nikajaribu mimi. Ngumi. Ule mkono mzima una nguvu za mikono miwili. Akageuka akamtazama kila mmoja wetu, akatazama mlango.

"Sifa," akasema.

Wakili akafunga faili. Akasema mtu hashurutishwi. Ana haki. Humphrey ni mstaarabu, alimaliza kuku, akashukuru, lakini wakati wa kupanda gari alisema kuna nyumba nyingine Mwanga anakwenda kuiangalia wiki ijayo. Priska alinivuta pembeni, akauliza Sifa ni nani. Nilipomwambia, akashika kichwa.

Ijumaa, 4 Julai

Nilijaribu kumwambia ukweli. Asubuhi, nikimnywesha uji. Nikaanza na wapangaji, nikaendelea hadi yale maandishi mekundu. Akaacha kumeza. Uji ukashuka kidevuni, na macho yake kwangu — kama mimi ndiye ninayemwibia. Kama nimekuja kumpokonya kitu cha mwisho.

Miaka yote hii namgeuza kitandani, namwosha, mgongo wangu umekwisha. Na anayeaminiwa ni yule.

Nikafuta kidevu. Nikasema basi, nitamwita.

Sifael alipokea kwa mlio wa kwanza. Alikuwa anangoja.

Jumatatu, 7 Julai

Nipo jikoni. Naandika nimesimama. Wako sebuleni wote — Priska, Humphrey, wakili. Na Sifael, kakaa pembeni ya Paschal, mkono begani kwake.

Alikuja kabla yao. Paschal alipomwona alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu augue. Alilia. Sifael naye alilia, na si machozi ya uongo, ningependa yawe ya uongo. Walikaa hivyo, wakiongea Kipare, yaani Sifael akiongea. Habari za Mombo, za malori, za mtu fulani aliyelala kwenye usukani akaamkia shambani kwa watu. Paschal akicheka mpaka akakohoa.

Halafu Sifael akanifuata uani. Akanawa mikono kwanza. Akasema yeye akimwambia Paschal aweke dole, ataweka.

Nikasema basi mwambie.

"Nitamwambia. Ila mpaka siku mnayoondoka, Jumapili nakuja kama zamani. Na yale ya Same yabaki Same. Yeye asiyasikie, wala watu wa kanisani."

Nikamwambia umemwibia mtu asiyeweza hata kusema ameibiwa. Akaangalia chini.  Nikadhani ataomba msamaha. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kulisema hili:

"Ukimwambia, shemeji, hutaniumiza mimi. Utamwacha bila mtu."

Akarudi ndani bila kungoja jibu.

Nikiingia na chai, nimekubali masharti yake. Wino umefunguliwa, naisikia harufu yake mpaka huku, au nadhani naisikia. Wakili amekohoa mara kadhaa. Humphrey ameuliza kama barabara ya kushuka ni mbaya ikinyesha. Priska kachungulia, kaniangalia, karudi ndani.

Wote wananisubiri mimi nilete chai. Nimetoa vikombe vya wageni. Kimoja, cha Sifael, nimekirudisha kabatini. Nimekitoa tena. Sebuleni Paschal anacheka, na Sifael ananiita kwa sauti ya mtu wa nyumbani — shemeji, njoo, tunakungoja wewe tu —