Dada Niliyemficha

Mjini Baraka, Jumapili, mwezi wa nne 1956. Mvua imekatika, na ukungu umelala juu ya ziwa hata sioni maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Tangu jana natembea kama mtu ambaye hajaamka vizuri.

Niandike ukweli, mimi mwalimu wa shule. Kwa wazazi wa Eliza, mchumba wangu, nilisema mimi ndiye mtoto wa kwanza wa mama yangu. Si kweli. Wa kwanza ni Apolina, dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita Yaya.

Yaya Apolina aliolewa Fizi, kule milimani. Alizika watoto wawili, kisha akaanza kusikia watu wasioonekana wakimwita kutoka shamba la pamba. Akaacha kulima. Akaacha kulala. Mume wake akamrudisha kwetu na kikapu kimoja cha nguo. Majirani waliokuwa wakienda kuchota maji na mama wakaanza kupita njia nyingine. Sisi tukamfungia ndani, tukisema tunamlinda, na kila mwezi alizidi kuugua. Aliongea na ukuta. Alikataa chakula.

Siku wakwe walipokuja kututembelea, nilimweka kwenye nyumba ya jiko, nikafunga mlango kwa kamba. Niliogopa atapiga kelele. Hakupiga. Walipoondoka nikafungua, naye akaniuliza polepole, "Bageni balikula muzuri?"

Nikainama nikakunja ile kamba.

Aliyemtoa mle ni Mama Zaina, rafiki wa mama tangu usichana, mjane wa Kiislamu wa Lweba, kijiji cha kando ya ziwa. Anakausha ndagala, wale dagaa wa ziwani, mchangani pamoja na wanawake wengine. Alimwambia mama, "Huyu mutoto munamulinda na nini? Na jua? Munipatie mimi." Ni mwaka mzima sasa.

Hapa Baraka palikuwa na mtu, Lukasi, aliyetoka mbali kuja kufanya kazi ya barabara. Alikuwa na ugonjwa ule ule wa Yaya: sauti, na ugomvi na upepo. Alipofukuzwa kazi alipoteza na nyumba, maana nyumba ilikuwa ya kazi. Ndugu hakuwa naye. Tulimwekea mabaki ya bukari, ugali wetu wa muhogo, chini, tukarudi nyuma. Mvua za mwaka huu zilimkuta amelala sokoni, akafa. Siku hizi namwona nikifumba macho. Yeye hakuwa na Mama Zaina.

Jana nilikwenda Lweba. Niliwaambia watu nakwenda kusalimia. Kumbe nilikwenda kumwomba Yaya asije kwenye arusi yangu.

Nilimkuta ameinama, anageuza samaki, na mchanga wote unang'aa kama umemwagiwa fedha. Amenenepa kidogo. "Mwalimu amekuja na viatu!" akasema, na wenzake wakacheka. Akanipa tawi nifukuze kunguru. Nikafukuza kunguru asubuhi yote, na lile neno nililokuja nalo likawa zito mdomoni.

Nikamuuliza kama wale wasioonekana bado wanamwita.

"Banaita. Lakini bamama hapa nabo banaita. Apolina, leta kitunga! Apolina, geuza hizi! Nimuitike nani wa kwanza?"

Mama Zaina alinivuta pembeni. Hakunificha. Wiki ambazo nyavu zinarudi tupu, kazi hakuna na chungu ni chepesi, Yaya anaanza tena kusikiliza upande wa milima. "Siku zile hatumuachi peke yake," alisema. "Tunamupangia zamu. Ni vile tu."

Nilikuwa nimeaga tayari Yaya aliponiuliza, "Arusi ni lini?"

Sijui alisikia kwa nani.

"Baada ya mavuno."

"Mi nitakaa wapi?"

Hakuuliza kama aje. Aliuliza atakaa wapi. Nikasema, "Pembeni ya mama." Nilishangaa kusikia ni sauti yangu.

Leo, baada ya ibada, nimekwenda kwa baba yake Eliza. Nimesema, "Baba, nilikudanganya. Mi si wa kwanza." Nimemweleza yote, hata kamba ya mlango. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa, naye akainuka akasogeza chungu kiyakinge.

"Ungesema tangu mwanzo, ningeogopa ugonjwa tu," alisema. "Sasa naogopa hata wewe mwenye kuficha. Uniachie siku kidogo, mwanangu."

Nikainuka, nikaaga.

Eliza alinisindikiza. Tulipita shamba la muhogo lote, ukungu ukitulowesha nguo. Nilikuwa tayari kusikia kwamba yamekwisha. Kwenye barabara akasimama.

"Yaya yako anapenda chakula gani?"

Tumekula chungu kimoja miaka yote ile, mimi na Apolina, na sikujua. Eliza alinitazama, akageuka, akarudi kwao.

Jumamosi nitakwenda Lweba nikamuulize Yaya.