Uchunguzi wa Nyasi Ndefu

Kasese, mvua zikielekea kwisha

Mdogo wangu Idi,

Pokea salamu zangu, na za mama umfikishie kabla hujaketi kusoma. Anaendeleaje? Miguu inamruhusu kwenda kisimani, au bado mkeo ndiye anayemtekea maji? Mwambie asali yake imefika. Imefika pungufu, na huyo aliyeileta amefika amenenepa, lakini nashukuru. Na wewe kifua chako je? Hujaacha kulala na dirisha wazi, nakujua.

Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu hayo mengine siyaelewi siku hizi. Nakula, nalala, nakwenda kazini, nacheka watu wanapocheka. Ukiniuliza nasikia nini moyoni, nitakwambia sisikii kitu. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema bwana mkubwa wa uwanja wa ndege wa Tabora amekuita, akakueleza kuwa kuna uchunguzi wa pamoja wa viwanja vyote, na kwamba wanakutaka wewe, mkata nyasi, uwe mmoja wa watu wa uchunguzi huo. Unasema mama amekukataza kwa sababu amesikia huku kuna mtu ameuawa. Unataka kujua ukubali au ukatae. Ni kweli, mtu ameuawa, naye ni Bwambale, mwenzangu wa zamu, yule ambaye vituko vyake nilikuwa nakuandikia. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naitazama karatasi tu. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, halafu nitakwambia la kufanya.

Uwanja wetu ni wa nyasi, chini ya milima, na upande wa kusini tumepakana na mbuga ya wanyama. Eropleni hutuletea watu wa mgodi wa Kilembe, barua na dawa za hospitali. Kabla haijatua, mimi na Bwambale tulikuwa tunatembea uwanja mzima tukipiga madebe ili swala, ngiri na nyati watoke. Bwambale alilitundika debe lake shingoni kwa kamba, akalipiga kwa vijiti huku akiimba kwa Kikonzo, lugha ya kwao. Ngiri aliwaita kwa majina ya shemeji zake na kuwatukana mmoja mmoja. Rubani mmoja alimuuliza anaimba nini, naye akajibu kwa adabu kabisa kwamba ni wimbo wa kanisani.

Basi mwaka huu akaja bwana afisa wa viwanja kutoka Entebbe. Akaketi nasi kwenye sanduku pale kibandani, akanywa chai yetu bila kununa. Alieleza kwamba katika uwanja mmoja, ambao hakututajia, ndege mmoja, korongo, aliingia kwenye injini na eropleni nusura ianguke. Kwa hiyo marubani, makampuni na ofisi za serikali za nchi zetu zote, kuanzia Nairobi, wamekubaliana kuchunguza jambo hili kwa pamoja, maana kila uwanja unajua ya kwake tu, na hakuna anayejua ya wote. Walitaka kufahamu kama nyasi fupi ndizo zinazowaita korongo, kwa vile panzi wanaonekana kirahisi, na kama zikiachwa ndefu korongo watahama. Akasema wanaoweza kulijua hilo ni watu wanaoshinda uwanjani, yaani sisi.

Upande mmoja tukaufyeka, upande wa pili tukauacha mpaka nyasi zikafika kiunoni. Kila asubuhi tulitakiwa kutembea pande zote na kuhesabu wanyama na korongo waliopo. Lakini palikuwa na sharti moja: katika matembezi ya kuhesabu, madebe yasipigwe. Yangepigwa, wanyama wangekimbia kabla hatujawaona na hesabu ingeharibika. Madebe yangesubiri mpaka eropleni ikikaribia.

Hakuna aliyepinga. Mimi sikupinga. Bwambale ndiye aliyelishika sharti hilo kuliko sisi sote. Idi, wewe unajua kazi zetu hizi. Tunaambiwa beba, kata, sogeza, ondoka. Bwambale alikuwa hajawahi kuulizwa kitu tangu aajiriwe, na ghafla ameulizwa na marubani. Alinyoa ndevu. Alinunua kofia. Jioni alikuwa anakuja chumbani kwangu kunisomesha tabia za korongo, na mimi nataka kulala.

"Afande," aliniambia siku moja, na aliniita hivyo kwa sababu niliwahi kuwa jeshini, nami sikumkataza. "Sasa hii kazi iko yetu. Watu ya Nairobi nayo itafanya vile Kasese inasema."

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Mimi nilichukua upande wa nyasi fupi, yeye akachukua upande wa nyasi ndefu. Debe lake alikuwa ameliacha kibandani. Nilikuwa naiona kofia yake ikienda juu ya nyasi, taratibu, kama mtu anayenyatia kuku. Kisha nyasi zikatikisika na kofia sikuiona tena. Sikusikia ukelele. Nilikimbia mikono mitupu, na nilipofika nyati alikuwa ameshakwenda upande wa mbugani, kuelekea Muhokya. Lilikuwa dume zee lililolala pale, na halikuwa na habari kwamba mtu anakuja mpaka mtu alipolifikia. Ungepigwa mlio wowote lingeinuka na kujiendea zake, kama nyati walivyokuwa wanafanya siku zote.

Tulimpakia kwenye gari kumpeleka hospitali ya Kilembe. Alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja yangu. Hakusema neno la kukuandikia.

Siku hiyo hiyo eropleni ilitua kama kawaida. Nilisimama na bendera yangu, nikaipungia, nikabeba mifuko ya barua. Rubani akanishukuru, nami nikamwambia karibu. Mpaka leo najiuliza ni nani aliyekuwa anafanya zile kazi.

Kwao Bwambale ni Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Mzee Abdalla, mfanyabiashara wa huko anayesafirisha chumvi na kahawa, alitupa lori lake na akaliendesha mwenyewe, mzee wa watu, wala hakutaka kusikia habari ya kulipwa. Tulipofika watu walikuwa wameshakusanyika uani, wamekaa chini kuzunguka moto. Walimzika Kikristo. Mimi na Mzee Abdalla tulisimama pembeni tukiitikia kimoyomoyo, halafu tukashika majembe na kufukia pamoja na wengine.

Baada ya mazishi, mkewe aliniita. Anaitwa Biira. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nikakuta mtu mkavu kama mimi. Alinikaribisha mkekani, akauliza kama nimekula. Kisha akaniuliza jambo moja.

"Bwana yangu alikuwa anaenda kazi na debe," alisema. "Hata huku nyumbani, batoto balikuwa banamusikia anapiga mukono kwa meza. Ni nani alimukataza kupiga?"

Nikamweleza habari ya hesabu, ya korongo na ya viwanja vingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. Alisema tu kwamba hao wenye uchunguzi waambiwe. Nikamwahidi.

Mwezi uliofuata tuliitwa Entebbe, watu wa viwanja mbalimbali, ili kila mmoja aseme aliyoyaona. Ukumbi ulikuwa mzuri, feni inazunguka juu, ziwa linaonekana dirishani. Wakuu walikaa mbele pamoja na marubani, sisi wa viwanjani tukakaa nyuma, kisha bwana afisa akatuomba tusogee tukae nao meza moja. Nasema haya ili ujue hakuwa mtu mbaya. Matokeo yalisomwa, na yalikuwa mazuri: kwenye nyasi ndefu korongo wamepungua sana. Kwa hiyo ikapendekezwa viwanja vingine navyo viingie, na Tabora ikatajwa. Nilisikia jina la Tabora, Idi, nikakuona wewe na kofia.

Kuhusu Bwambale, mmoja wa wakuu alisema wanasikitika sana, ila ile ilikuwa ajali ya kazi na haina uhusiano na uchunguzi. Wakataka kuendelea na jambo lingine. Mimi nikasimama. Nilisimama tu kama mtu anayekwenda kufunga dirisha.

"Bwana," nikasema, "siku zote za kazi Bwambale alitembea akipiga debe, na hakuna mnyama aliyemgusa. Siku za uchunguzi ndizo alizotembea kimya. Aliyemuua ni nyati, lakini aliyemnyamazisha ni uchunguzi, na mimi nilikuwa ndani yake. Hilo nalo ni tokeo. Liandikwe pamoja na ya korongo."

Nikadhani nimeshapoteza kazi na mkate wangu kwa pamoja. Ndipo akanyanyuka mwenzetu wa uwanja wa Gulu, Okello, mtu mrefu asiyependa maneno. Akasema kwamba hata kwao, mtu wao aliyekuwa anahesabu kimya nusura amkanyage simba aliyelala, na yeye Okello hakulileta jambo hilo mkutanoni kwa sababu hakuna aliyeuliza. Walichoulizwa ni wanyama wangapi, si nani amenusurika. Akafuata wa uwanja mwingine na habari ya nyoka. Kila mmoja alidhani lililompata ni la kwake peke yake, uzembe wa mtu wake au bahati mbaya ya uwanja wake. Tulipoyaweka juu ya meza moja, likawa jambo lenye sura.

Bwana afisa alivua miwani, akaifuta, akakaa nayo mkononi. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika kwamba sharti la kimya limefutwa. Tangu siku hiyo, anayeingia nyasi ndefu aingie na mwenzake, na waingie wakipiga debe, hata kama hesabu itapungua. Na kifo cha Bwambale kikaandikwa katika matokeo, kwa jina lake.

Wenzangu walinipongeza. Mchana tulipewa samaki wa ziwani, mkubwa, wa kukaanga, na wewe unajua ninavyopenda samaki. Nilimla wote na sikuonja kitu. Niliporudi nilipitia Bwera kumweleza Biira. Alisema vizuri, kisha akaendelea kuchambua maharage, nami nikamsaidia kuchambua mpaka lori likapiga honi.

Sasa swali lako. Mimi nasema kubali. Najua mama atanuna, na umwambie anune kwangu. Kwa sababu uchunguzi wenyewe utafanyika, uwepo usiwepo. Nyasi za Tabora zitaachwa ziote, na mtu ataingia ndani yake. Ukikataa ataingia mwingine, na mezani atakaa mtu ambaye hajawahi kulowa umande wa uwanja. Wale wakuu wanajua injini, wanajua njia za angani, na hawajifanyi kujua nyasi. Wanasubiri waambiwe. Wakituuliza kitu kimoja, tuwajibu hicho na tuwaongezee ambacho hawakuuliza. Sisi Kasese hatukufanya hivyo mapema. Sijui kama nina huzuni au hasira, lakini hilo nalijua.

Nisalimie mama sana, mwambie nitakuja wakati wa kiangazi kama ruhusa itatoka. Msalimie mkeo na umwambie pole ya kukuvumilia. Mjomba fundi cherehani umpe salamu na umkumbushe suruali yangu, nimekonda sasa, aikate ndogo. Shangazi muuza vitumbua naye asinisahau katika dua zake, na jirani yetu mwadhini vilevile.

Limebaki moja, na hili usimsomee mama. Sharti limefutwa kwa mdomo na kwa karatasi, lakini watu husahau. Itafika asubuhi moja, afisa mwingine, mgeni, mwenye haraka, atakuja akwambie: leo tu, Idi, ingia bila debe, tupate hesabu safi. Atakwambia kwa heshima, na wewe utataka kumridhisha kwa sababu amekuuliza maoni yako na amekunywa chai yako. Siku hiyo kataa. Akikuuliza ni nani aliyekufundisha kukataa, mwambie ni kaka yako wa Kasese, aliyekubali.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,

Hamisi