Paa Nunga wa Matemwe

Bi Zuhura, mwalimu wangu,

Arubaini yako imepita. Watu walijaa mpaka uani, wakakusifu: mwanamke wa kwanza wa Unguja kuandika kitabu cha wanyama wa kwetu. Nililia, na kidogo nilicheka, maana nimekubebea madaftari miaka kumi na mbili na ninajua ulivyochukia kusifiwa.

Baada ya khitma alinijia Mzee Makame, yule mwindaji wa Matemwe aliyekuwa akituongoza msituni. Alikataa kukaa. "Mwanangu, nshachelewa. Nilitaka kumwomba radhi Bi. Tulimdanganya. Paa nunga wapo."

Yeye na wenzake walikuwa wakiwawinda kwa siri, wakakuona mtu wa serikali. Kila tukienda wakitupitisha upande mtupu. Nawe, uliyekuwa hupiti jani bila ya kuligeuza, ulimwamini kwa kuwa ulimpenda. Ukaandika kitabuni: "Paa nunga wa Matemwe wamekwisha."

Sasa kuna watu wanataka kuufyeka msitu ule wajenge hoteli. Wakiulizwa, wanafungua kitabu chako. "Hata Bi Zuhura kasema hamna kitu!"

Nilikwenda na Mzee Makame, safari hii upande wa pili. Siku ya tatu, asubuhi, nikamwona paa nunga: mdogo, mwekundu, mstari mweupe mapajani. Alinitazama, akapotea. Bi, niligeuka nikuite. Nilikaa juu ya jiwe nikalia mpaka mzee akaona haya, akaenda kusimama mbali.

Binti yako Asma hataki nikisahihishe kitabu. "Marehemu hasemwi," aliniambia. "Mwache mama apumzike na jina lake." Nami naogopa. Watu watasema nimesubiri ufe ndipo nikukosoe.

Lakini nakumbuka Kizimbani, ulipowatajia watoto wa skuli ndege kwa jina silo. Kesho yake ulirudi kote kule, na mguu wako ule mbovu, ukasimama mbele yao: "Jana nilikosea." Njiani nilikuwa nimenuna kwa niaba yako. Ukaniambia, "Aibu ni ya siku moja, Khadija. Usiiogope."

Basi nimeandika, na kesho naipeleka barua kwa wanaohusika na misitu. Sikuandika "alikosea." Nimeandika "tulikosea," maana daftari siku zile nililishika mimi. Asma hasemi nami, na hilo linaniuma.

Kwaheri, Bi wangu. Allah alitie nuru kaburi lako. Sijui kama watanisikiliza. Ninalokuahidi ni hili: msitu ule wakiufyeka, hawataufyeka kwa jina lako.

Khadija