Kunyamaza kwa Kulwa

Jumatatu, 3 Novemba

Nyusi za wateja hapa saluni tangu asubuhi. Vidole vinawaka kwa uzi wa kutindia. Madam amenuna kwa sababu nta ya kuondolea vinyweleo imekwisha, na mimi ndiye niliyemwambia juzi kwamba inakwisha. Khalas, anune.

Mzigo wa mama umefika na msafiri kutoka Tanga. Kila kitu viwili, kama kawaida. Vifuko viwili vya visheti, chupa mbili za achari. Mimi na Kulwa tuna miaka thelathini na miwili na mama bado anatupimia kwa kikombe. Anaamini pacha mmoja akipewa na mwenzake akanyimwa, aliyenyimwa ataugua. Hajawahi kutupa nusu nusu.

Safari hii kuna kanzu ya harusi ya Kulwa, imetariziwa kifuani. Na mimi dera la rangi hiyohiyo, ili tuwe sawa. Mchumba amepatikana. Anaitwa Salma, mwalimu wa chekechea. Mama anasema heri ndoa ipite mapema, mke atamfuata huku Dubai baadaye. Nimeitazama ile kanzu nikakosa raha.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama ametuunganisha simu, mimi na Kulwa pamoja. Nilikuwa chumba cha nta. Yeye alikuwa kazini, chumba cha dobi cha hoteli moja ya Deira, nasikia mashine zinanguruma.

Mama amepanga kila kitu. Nikahi Ijumaa ya wiki ijayo baada ya Alasiri. Kwa kuwa bwana harusi yuko mbali, mjomba atakuwa wakili wake, atapokea mke kwa niaba. Kulwa atapigiwa simu tu, shehe amsikie akimpa mjomba uwakili. Akamuuliza: umeridhika, mwanangu?

Kulwa kimya. Mashine tu.

Mama akapiga kigelegele. Amenyamaza, amekubali.

Mtume! Hiyo ni ya mwari. Msichana akiulizwa akanyamaza kwa haya, ndiyo huchukuliwa ameridhia. Tangu lini inatumika kwa mwanamume mwenye ndevu? Lakini mama kashaifanya yake, na Kulwa hakusema kitu, na mimi pia nimekaa nimeshika kijiti cha nta mpaka kikaganda.

Jumapili, 9 Novemba

Kulwa amevuka kwa abra, mashua ya kuvushia watu, kuja Bur Dubai. Bwenini kwetu wanaume hawaruhusiwi, ghorofa la wanawake tu, kwa hiyo tunakutana pale kwenye kibanda cha chai ya karak. Vikombe viwili, benchi linalotazama maji. Macho yake mekundu.

Amesema polepole, kwa sauti ya chini. Hapa neno kama hilo halisemwi kwenye watu. Sheria haina mchezo, na kazi pia.

"Sijawahi kumtamani mwanamke, Doto. Nimefunga, nimesali, nimejilazimisha. Hakuna kitu."

Nikamwambia najua.

Najua tangu mwaka tuliomaliza shule. Kila jioni tulikuwa tunafunga genge la mama mapema twende uwanjani. Nilikuwa namtazama golikipa mmoja. Roho juu kila akiruka. Siku moja nikageuka kumwambia Kulwa jambo, nikaona na yeye anamtazama vilevile. Uso wangu kabisa, juu ya shingo yake. Mimi mtaa mzima ulinitania, huyo amekua sasa, atafutiwe mume. Yeye wakasema anapenda mpira.

Nimemwambia akatae. Amesema hawezi, mama atakufa. Nimemwambia mama hafi. Ameniomba niseme badala yake. Nimekataa. Wakili mmoja anatosha kwenye shughuli hii.

Nina hasira naye. Nina huruma naye. Vyote pamoja, sijui kipi kimetangulia.

Jumanne, 11 Novemba

Mchana hakukuwa na wateja. Nimemuuliza Wambui, Mkenya tunayefanya naye kazi, nini humfanya mwanamume asitamani wanawake, kana kwamba ni mtu niliyemsikia tu huko. Wambui si mjinga, kaniangalia, kaendelea kukunja taulo. Alisoma bayolojia hadi chuo kabla ya ada kumshinda. Anasema hata wataalamu hawana jibu moja. Kuna ya kwenye damu, kuna ya tumboni kabla mtu hajazaliwa, kuna mengine hayajulikani, na hata mapacha wanaweza kutofautiana. Ila kwamba mama alimdekeza mtoto au mtoto alichezea vyungu, hiyo hakuna aliyeiona ikigeuza mtu. "Si maneno ya kuchagua kama style ya nywele, dada," akasema.

Nimejifikiria mwenyewe. Yule fundi wa AC, Mganda, akiingia saluni mimi naanza kutafuta kitu cha kuokota chini. Nani alinifundisha? Utotoni nilipanda minazi na kupigana na watoto wa kiume, Kulwa ndiye aliyekanda unga. Kwa hesabu za shangazi zangu basi mimi ndiye ningekuwa na mashaka. Wapi. Nimeolewa, nimeachika, na bado nawapenda wanaume, mashetani wale.

Najua mtaa nao umenifundisha. Nyumbani mwanamume mzuri kwangu alikuwa wa kanzu iliyopigwa pasi. Hapa nimeanza kupenda wenye mikono ya kazi. Hayo yamebadilika kwa kuona na kuzoea. Lakini kwamba ni mwanamume, hilo nimelikuta humu ndani, sikuliweka mimi. Kwa nini la Kulwa liwe kaliweka yeye?

Alhamisi, 13 Novemba

Salma kanitumia ujumbe wa sauti. Shikamoo wifi. Anauliza kaka yangu anapenda mapazia ya rangi gani, na kama ni kweli hapendi bamia. Ana sauti ya mtu anayecheka kwa urahisi.

Nimeusikiliza mara mbili. Mpaka leo nilikuwa naona ni shida ya Kulwa. Sasa naona kuna binti wa watu ataletwa huku, alale kaelekea ukuta kila usiku akijiuliza ana kasoro gani. Mimi nimewahi kulala na mtu asiyenitaka. Simwombei mtu.

Nimemwandikia Kulwa maneno machache: mapazia. Anataka kujua rangi ya mapazia.



Ijumaa, 14 Novemba



Walipiga simu kutoka nyumbani, mama akaniunganisha na mimi. Nilijifungia chumba cha nta. Huko nyumbani sauti nyingi, watu wamejaa, harufu ya pilau nilikuwa naisikia kwa masikio. Shehe akamtaja Kulwa kwa jina la baba. Je, umempa mjomba wako uwakili akupokelee nikahi ya Salma?

Kimya.

Akauliza tena. Kimya. Mama akadakia kutoka upande wa wanawake, ana haya mwanangu, shehe, ukimya ni ridhaa. Shehe akakohoa. Nikaona anaanza kulegea, watu wana njaa.

Nilisema sitasema. Nikasema.

"Mama, hiyo ni ya mwari. Mwanamume anasubiriwa aseme."

Nikasikia Kulwa akivuta pumzi.

"Sikubali. Salma hana kosa lolote, naomba msimseme. Simwoi. Wala mwingine simwoi."

Akakata.

Hilo "wala mwingine" mama amelisikia. Nimemjua kwa jinsi alivyoacha kupumua.

Madam kagonga mlango, yalla, kuna mteja. Nikatoka nikamtinda mtu nyusi. Zimetoka sawa, sijui vipi.

Jumatatu, 17 Novemba

Mama kapiga, kwangu tu. Kuongea na Kulwa hataki. Anasema kwanza ni Dubai iliyomharibu. Nikasema mimi nimeishi Dubai ileile miaka ileile. Kisha ni yeye mama mwenyewe, alimwachia akande unga, alimlaza na kina bibi. Akalia. Nikamwambia, mama, hukumharibu, hajaharibika. Akakata.

Shangazi anatangaza kwamba nimemtia kaka yangu maneno kinywani. Sawa. Anitangaze.

Salma kanitumia ujumbe. Kasema ameumia sana. Kisha kasema, mwambie kaka asante kwa kusema kabla. Nimelia chooni saluni.

Alhamisi, 27 Novemba

Mzigo umefika. Kifuko kimoja cha visheti. Chupa moja. Jina langu peke yake.

Nimegeuza mfuko chini juu kama mwendawazimu, nikidhani cha pili kimejificha. Hakuna. Tangu tuzaliwe hajawahi.

Nimegawa mwenyewe, kwa kikombe. Nimempelekea Kulwa Deira. Aliona kifuko cha nailoni ya saluni, akajua. Akala kisheti kimoja, vingine akafunga. Nimemchukia mama jioni nzima.

Jumanne, 2 Desemba

Mama kapiga asubuhi, sijapiga mswaki. Sauti imekauka. Kaniuliza nimekula. Kaniuliza baridi imeanza. Kazunguka weee. Kisha:

"Wewe ulikuwa naye tumboni. Alikuwa hivi tangu huko?"

Sikucheka. Hakuwa anatania, mama yangu. Nikasema sikumbuki kitu, mama. Ila tangu nianze kukumbuka, ni huyuhuyu. Hajawahi kuwa mwingine akageuka.

Akanyamaza. Muda mrefu. Nikajikaza nisimsemee huo ukimya, nisiuite ndiyo wala siyo. Tumeshaona faida ya hayo.

Kisha kauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa jibu:

"Kulwa haumwi?"

Haumwi, mama. Nilimgawia.

Nikamsikia akishusha pumzi mpaka chini. Akasema ana maji jikoni, akakata.

Jumamosi, 20 Desemba

Mvua kidogo asubuhi. Wateja wachache.

Mzigo wa mama umefika. Hakuna salamu wala maneno. Vifuko viwili. Nimevipima mkononi, uzito mmoja. Kesho Kulwa anavuka, nitampa chake.