Mikebe Isiyo na Lebo

Laini Saba, 9 Juni 1996

Kwako dada Nelima,

Sisi wazima, ni matope tu yametuzidi. Kabiro mnaendeleaje?

Watu wa kampuni ya mafuta ya kupikia walienda shuleni kwa Marion wangu, wakawafunza watoto wimbo na kuahidi begi kwa atakayeleta lebo kumi. Mimi mwenye pesa hawakuniambia kitu. Lebo moja ni mkebe mzima, na hapa watu hununua ya kupima, kijiko kwa kijiko. Basi Marion akabandua lebo za mikebe yote kumi ya kioski yangu. Kufika shuleni, begi zimeisha.

Sasa wateja wanakataa mafuta yangu. "Mama Marion," Mama Derrick aliniuliza mbele ya watu, "hii ni mafuta ama ni grisi ya mafundi wa jua kali?" Wakacheka, wakaenda kwingine. Muuzaji wa jumla naye amekataa kuichukua tena mikebe hiyo. Biashara niliyoanza na mkebe mmoja!

Kwa hivyo ile kioski ya pili uliyonitafutia hapo Kongo, jirani na kwenu Kabiro, mwambie mwenyewe ampatie mtu mwingine.

Marion nilimchapa. Jana akiosha vyombo alianza tena ule wimbo wao, nami nikajikuta namwitikia.

Ni mimi mdogo wako,
Nafuna