Mbalamwezi ya Kibirizi

Kitongoni, Ujiji,
Kigoma.
Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Mpendwa dada Nasra,

Shikamoo dada, na amani iwe nanyi nyote huko Mtwara. Shemeji hajambo? Watoto hawajambo? Na mgongo wako je, bado unakusumbua ukisimama sana wodini? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hautulii, na sababu yake unaijua nusu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu zangu hupokei. Nimekupigia mpaka nikaona haya. Umenijibu kwa ujumbe mmoja tu, kwamba nimemwanika mtu aliyetusomesha, kisha kimya. Sikulaumu, maana waliokupigia ni wengi na kila mmoja kaja na lake. Sasa nisikilize na mimi, halafu unishauri, kwa sababu nimebanwa kotekote.

Kwanza, vitabu vilifika salama, ahsante sana. Nimevimaliza vyote, na kimoja nimekirudia kwa uroho tu. Kazi bado ni ileile, steshenari karibu na stesheni ya Kigoma, kuchapa kadi za harusi na matangazo ya misiba. Naamka kabla ya adhana, natwanga kahawa, naichemsha na tangawizi, naandika mpaka muda wa kazi. Kahawa naifuata Mwandiga, inashuka kutoka Kalinzi, naikaanga mwenyewe. Jirani yangu Recho analalamika kwamba moshi unaingia kwenye nguo zake, lakini kahawa ikiiva ndiye wa kwanza kubisha hodi na kikombe chake mkononi.

Riwaya yangu niliimaliza mwezi wa saba. Mtu aliyemaliza kuandika ana njaa mbaya, dada. Anataka asomwe, hata na mbuzi.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Mwinshehe, muuza kahawa wa hapa nyuma yetu. Kijiwe chake kiko palepale. Kila siku baada ya alasiri Mwalimu Gervasi, yule mstaafu mwenye sauti nzuri, huwasomea wenzake gazeti, kisha wanalijadili mpaka magharibi. Kinachosomwa pale ni habari, hawajawahi kusomewa kitu kingine. Gazeti likakosekana kwa siku kadhaa, Mzee akaniomba kurasa zangu ili wateja wasimkimbie. Nilimpa kabla hajamaliza kuomba.

Kijiwe ni cha wanaume, mimi hununua kahawa yangu kwenye chupa nikaondoka. Lakini ua wa Recho umepakana nacho ukuta kwa ukuta. Nilikaa nyuma ya ukuta nikawasikia wakicheka pale nilipotaka wacheke, na kunyamaza pale nilipotaka wanyamaze. Sijapata kufurahi vile tangu nizaliwe.

Furaha ikaishia kwenye sura ya nne. Mle kuna mchuuzi wa dagaa anayemuaga mkewe kwamba anakwenda Kibirizi kungoja mitumbwi ipakue. Nilitaka atembee ufukweni peke yake akiwaza, nikaona giza halipendezi, nikamwekea mbalamwezi. Ni hivyo tu. Mimi mtoto wa Ujiji, niliyekuzwa kwa dagaa, nikasahau kwamba mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haiingii ziwani, maana dagaa hufuata taa gizani. Siku hizo Kibirizi watu wanashona nyavu na kulala, hakuna cha kungoja.

Nyuma ya ukuta nikasikia wamenyamaza, na pale sikuwa nimetaka wanyamaze. Kisha Mzee Abeid, ambaye amevua maisha yake yote, akauliza huyo bwana anafuata nini Kibirizi siku za mbalamwezi. Wakabishana. Mwalimu Gervasi akanitetea, na utetezi wake ndio ulioniponza. Alisema mtoto aliyezaliwa hapa hawezi kukosea jambo kama hilo, ameliweka makusudi ili tujue kwamba bwana anamdanganya mkewe. Kesho yake nilimfuata nikamwambia kwamba nimekosea na nitasahihisha. Akatabasamu. Akaniambia amenielewa, na siri yangu iko salama kwake.

Unaliona balaa hilo? Kwao hiyo ni habari, na habari lazima iwe na mwenyewe. Wakaanza kumtafuta. Na mtaani kwetu mchuuzi wa dagaa anayelala Kibirizi ni nani zaidi ya Baba mdogo Khalfani, huyohuyo aliyetusomesha? Mmoja wao akakumbuka kwamba hata mbalamwezi ikiwaka, Baba mdogo huwa haonekani msikitini.

Maneno yakamkuta mkewe, Mama mdogo Zuhra, kwenye shughuli ya watu, anachambua mchele na wenzake. Hakumuuliza mumewe kitu. Alikuja kwangu na mkoba wake, akakaa, akaomba kahawa, naye unajua kahawa haigusi. Akainywa yote na machicha yake. Ndipo akaniuliza:

"Shadia, umeandika ulichokiona au umetunga?"

"Nimetunga, mama. Wallahi nimetunga."

Akanitazama, akasema neno langu linamtosha. Alilala kwangu, asubuhi akarudi kwake. Tangu siku hiyo, popote wanapokusanyika wanawake yeye ndiye wakili wangu. Anawaambia mwanangu ametunga, ninyi vitabu hamvijui. Mimi nikazichukua kurasa zangu kijiweni, nikajua yamekwisha.

Mwezi uliopita, mbalamwezi ilipokomaa, nilikwenda Mwandiga kununua kahawa. Mama ninayenunua kwake alikuwa ameishiwa, akanielekeza kwa jirani yake nyuma ya soko, kwamba mumewe kamletea gunia zima. Nikabisha hodi uani. Aliyekuwa ameketi mkekani, mtoto wa kutambaa akimvuta ndevu, ni Baba mdogo Khalfani. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba yuko Kibirizi.

Mwanamke mwenyewe ni Muha, mpole, alinipa kigoda na kuniuliza habari za safari. Sikuweza hata kumchukia. Mtoto ni wa kiume, kachukua yale masikio ya Baba mdogo tuliyokuwa tukiyacheka utotoni. Nilinunua kahawa yangu, Baba mdogo akanisindikiza mpaka barabarani. Hakunifokea. Ningeshukuru kama angenifokea. Alisubiri magari yapite, akasema taratibu:

"Ulimwambia umetunga. Basi endelea kutunga."

Dada, tangu siku hiyo silali vizuri. Kazini nachapa kadi nakosea jina la bwana harusi. Baba mdogo ameniletea mfuko wa kahawa iliyochambuliwa vizuri, uko kabatini, sijaufungua, na ninavyoipenda kahawa unanijua. Asubuhi nakaa mbele ya karatasi nasikia sauti yake tu.

Usidhani nimesahau alivyotulea. Mama alipofariki na Mama mdogo akatuchukua sisi watoto wa dada yake, Baba mdogo angeweza kusema hawa si damu yangu, na hakusema. Najua pia kwamba kuoa wa pili si dhambi kwetu. Mama mdogo mwenyewe alikuwa akisema, tukiwa wadogo, kwamba mumewe akitaka kuoa amwambie tu, pilau ya harusi ataipika yeye, ila asimfiche. Na kinachoniuma zaidi ni huyo mtoto. Mama mdogo hakujaliwa mtoto wa tumbo lake, watoto wake ni mimi na wewe. Leo anazunguka mtaa mzima kulitetea neno langu huku mimi najua. Nikinyamaza, tunamdanganya wawili, mumewe na mimi. Nikisema, nimeibomoa nyumba iliyotulea. Wewe ni mkubwa wangu, ungefanyaje? Nijibu upesi, tena usinionee huruma, hata kama

Jumapili, jioni.

Dada, niliiacha sentensi hiyo njiani kwa sababu Mama mdogo alibisha hodi. Nilificha karatasi chini ya mto. Alikuja amechangamka, amevaa kanga mpya, ana mpango wake. Jana Jumamosi kulikuwa na hitima kwa akina Khadija, wanawake wote wa mtaa wangekuwepo, akataka nifike niseme mbele yao, kwa kiapo, kwamba nimetunga, ili midomo ifungwe mara moja. Alikuwa ameshawaambia nitakuja.

Nilitaka kusema nina kazi. Nilitaka kusema naumwa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, siku ile niliapa kweli. Kesho nikiapa nitaapa uongo."

Hakushtuka. Alikaa kitandani kwangu, akalikunja pindo la kanga yake, akalikunjua. Kisha akaniuliza kama mtoto ameanza kutembea.

Mimi mtoto sikuwa nimemtaja.

Amejua tangu Ramadhani, dada. Kuna mtu wa Mwandiga alimwambia. Amekaa nalo moyoni, anapika futari, anafua kanzu, anamngoja mumewe aseme mwenyewe. Akaniambia kwamba maadamu hakuna mtu wake wa karibu aliyetamka, aliweza kuwa mke asiyejua, na mke asiyejua haulizwi na mtu kwa nini bado yupo. "Nilikuomba neno la kukalia nyumbani kwangu," alisema, "ukanipa. Sasa umelichukua." Nililia sana. Yeye hakulia. Aliniacha nilie, wala hakunishika bega kama anavyofanya siku zote.

Nilipotulia akataka kujua mumewe aliniambia nini aliponiona kule. Nikamwambia yale maneno ya barabarani, yalivyo. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Kunificha mimi nilikwishazoea. Kukufundisha wewe unifiche, hapo amenikosa."

Hakwenda kwenye hitima. Jana alikaa na mumewe chumbani mchana kutwa, sijui walisema nini, sikusikia sauti ikipanda. Jioni Baba mdogo alikuja mlangoni kwangu, hakuingia. Aliuliza jambo moja, kama Mama mdogo akishaondoka atarudi. Nikamwambia sijui, na sijui kweli. Akaondoka kwa miguu kuelekea ziwani.

Kijiweni wananiuliza sura ya tano iko wapi. Nimewaambia haijaandikwa. Nilimwambia Mama mdogo kwamba nitaichoma riwaya yote, akanikemea. Alisema kilichomuumiza si kitabu, nikichoma nitakuwa nimepoteza karatasi bure. Nitaendelea basi, lakini si wiki hii. Wiki hii kalamu naiogopa.

Nisalimie Shemeji na uwabusu wanangu. Recho anakusalimu, na Mzee Mwinshehe pia, anauliza kama huko Mtwara kuna kahawa ya maana. Mungu awape afya, awaepushie mabaya yote, na atupe sisi sote moyo wa kustahimili.

Sasa lililobaki. Barua hii haiendi posta. Mama mdogo anapanda basi kesho alfajiri, anakuja kwako, na bahasha hii itakuwa kwenye mkoba wake. Anajua nimeandika nini, hakutaka kuisoma. Tulipokuwa tunafunga nguo zake aliinama muda mrefu juu ya begi, akaniuliza, bila kunitazama, kama mtu akienda kwa mtoto ambaye hakumzaa ana haki ya kukaa zaidi ya siku za mgeni. Nikamwambia kwa Nasra atakaa mpaka achoke mwenyewe. Nilimwapia, dada, bila kukuuliza. Ni kiapo changu cha pili kwake ndani ya miezi hii, na cha kwanza kiliharibikia mikononi mwangu. Hiki kiko mikononi mwako.

Mdogo wako, akupendaye na kukutegemea,

Shadia